Daktari Kasema Sauti Imelala

Nililala na kile kikombe cha mpira puani. Mtu mmoja aliniambia nihesabu, mimi nikaona heri nisome dua, na kabla sijafika katikati yake giza likanimeza. Hapo ndipo tulipoishia.

Kwa aliyefungia vitumbua gazeti la wiki iliyopita kabla ya kulisoma: mimi ni Mwanahija binti Mkadam, wa Baleni, Mafia, msomaji wa maulidi. Nilikuwa naitwa kusoma kijijini Kanga, naitwa kisiwani Juani, hata ng'ambo nilikwenda. Ndipo nikaota tezi shingoni. Lilianza kama kunazi, likawa ndimu, mwisho likawa kama kidaka cha mnazi. Nikawa nakatikiwa na pumzi katikati ya kasida. Mume wangu Sabiti, katibu wa tawi la chama kijijini kwetu, akasema nipelekwe mrima, huko bara, nikapasuliwe.

Hospitali siitaji. Daktari nitamwita Muhidini.

Bwana mmoja wa Tanga amemwandikia mhariri kwamba namdhalilisha mtaalamu wa taifa. Namtakia bwana huyo tezi. Dogo tu, la kuanzia.

Sasa sikilizeni.

Nilizinduka koo linawaka moto. Nilitaka maji. Nikafungua kinywa nimwite nesi, ikatoka pumzi. Nikajaribu tena. Pumzi tupu, kama pampu ya baiskeli yenye tundu.

Nikajiambia, ni dawa ya usingizi hiyo, itaisha.

Asubuhi akaja Daktari Muhidini na msafara wake. Koti lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mpaka nadhani lingeweza kusimama bila yeye. Nyuma yake vijana wanafunzi, kila mmoja na kalamu. Akasimama miguuni pa kitanda, mbali, kama mtu anayemtazama ng'ombe wa jirani.

"Operesheni imefanikiwa sana," akakiambia chuma cha kitanda.

Nikashika koo. "Sauti," nikanong'ona.

"Sauti imelala tu, mama. Itaamka."

"Lini?"

"Ikishapumzika."

Akawageukia vijana, akasema nao kwa Kiingereza kirefu. Kiingereza sikijui, lakini nyuso nazijua. Kijana mmoja aliacha kuandika, akanitazama shingoni, kisha akatazama viatu vyake. Hakuninyanyulia tena macho mpaka wakaondoka.

Nesi akaja nyuma yao. "Daktari kasema usizungumze. Ukizungumza unaichosha."

Mnaona? Nikiuliza sauti yangu iko wapi, basi mimi ndiye ninayeiharibu kwa kuuliza.

Maji nayo yakawa yananipalia. Kila funda lilishika njia isiyo yake. Nilipomweleza Daktari akasema, "Kunywa polepole." Nikanywa polepole, nikapaliwa polepole.

Kila akija alikuwa na neno jipya. Kwanza ulikuwa ni uvimbe. Uvimbe ukaisha, ikawa ni upepo wa dirishani. Nikaondolewa dirishani, ikawa wanawake wa pwani tuna koo laini. Siku ya kuruhusiwa alinipapasa bega kama anayepapasa gunia la mbata, akasema, "Mengine ni kazi ya Mungu, mama."

Hebu tafakarini hesabu hiyo. Tezi limetoka, kalitoa Daktari. Sauti imetoka, kaitoa Mungu.

Sabiti akaja kunichukua, tukarudi Baleni.

Nyumba ilijaa watu. Dada yangu Mwanasha, mkubwa wangu, mjane mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alinishika shingo akalitazama lile kovu. "Limenyooka vizuri," akasema. "Haya, nena basi."

Nikanena.

Uso wake ulibadilika, lakini hakulia mbele yangu. Akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyotaka.

Majirani walikuwa na majibu mengi kuliko Daktari, na angalau wao walikaa kitako wakiyatoa. Huyu akasema ni jicho la watu. Huyu akasema ni jini la baharini, limependa sauti likaichukua. Mimi nilimwamini Daktari. Ndiyo, nilimwamini. Imelala, itaamka. Kila alfajiri baada ya sala nilijaribu Bismillahi, kama mtu anayepiga kiberiti kilicholowa. Nikipata mkwaruzo nafurahi siku nzima.

Ukaingia mfungo sita, mwezi wa maulidi. Watu wa Kanga walikuwa wameweka ahadi nami tangu mwaka uliopita. Mwanasha akasema nisiende. Nikamwambia labda itaamka kwenye jamvi, palipo na udi na wenzangu, mahali ilipozoea.

Nikaenda.

Nikakaa mahali pangu. Ukumbi wote wa wanawake ukanyamaza, maana walijua nikianza hakuna anayekohoa. Nikavuta pumzi, nikafungua.

Kilichotoka sitakieleza. Msichana mmoja alicheka, mama yake akamfinya, akaanza kulia. Nikarudia. Nikarudia tena. Bimkubwa wa Juani, ambaye kila mwaka alikuwa msaidizi wangu, akakiinua kitabu kidogo cha kasida mapajani mwangu, taratibu, kama anayemwondolea mgonjwa sahani.

"Pumzika, bibie," akasema.

Akasoma yeye. Na alisoma vizuri. Angesoma vibaya ningemshukuru mpaka leo.

Baadaye walinifungia chakula mimi wa kwanza, tena kingi, kama wanavyofanyiwa wagonjwa na vikongwe. Tangu siku ile hakuja mtu kuniita. Si Kanga, si Juani, si mlango wa pili hapa Baleni.

Aliyenishika mkono ni Sabiti. Mwanamume huyo hakuwahi hata kukatiza kikao cha chama akaja kula, lakini sasa alikuwa anarudi mchana. Anakuna nazi. Anatia maji mtungini. Wanawake wakaniambia, mwenzetu una bahati, mwingine angekwisha kuoa. Nami nilijisemea, sauti imekwenda lakini mume nimempata.

Nilijisemea hivyo. Chekeni.

Basi ikawa mwaka ule wa kampeni ya afya, redio inaimba vyoo na maji ya kuchemsha kutwa. Sabiti akaingia ndani mbio, shati limemganda mgongoni.

"Tunapata wageni," akasema. "Msafara wa afya. Wanakuja na daktari bingwa."

"Daktari gani?"

Akajishughulisha na vifungo vya shati. "Yule wako."

Wangu! Kama nimemzaa.

"Kina mama watapika pilau, nawe utasimamia," akaendelea. "Lakini Mwanahija, tafadhali, usilete maneno. Mgeni wa taifa huyo."

"Maneno nitayaleta na nini?" nikanong'ona.

Hakucheka.

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule, jua la mchana, vijiji vya jirani vyote vimekuja kwa lori la ushirika. Daktari Muhidini alikuwa amenenepa kidogo. Koti la hospitali hakuvaa, alivaa suti ya kola ya viongozi, lakini pasi ilikuwa ile ile. Akapewa kipaza sauti cha betri, kile chenye mdomo kama tarumbeta.

Akasema juu ya vyoo. Akasema juu ya mbu. Watu wakapiga makofi. Kisha akashusha sauti kwa mapenzi.

"Najua wengi wenu mnaogopa kisu," akasema. "Mnaambizana hospitali ukiingia hutoki. Sasa mimi sitaki kuwajibu. Atawajibu mwenzenu. Humu humu Baleni yumo mama niliyemfanyia operesheni kubwa ya shingo. Mama Mwanahija! Yuko wapi? Simama, mama, wakuone!"

Nilikuwa nyuma na mwiko mkononi.

Watu wakageuka. Nilimwona Sabiti, kando ya meza ya wageni, anatikisa kichwa. Mpaka leo sijui alikuwa ananikataza mimi au anamkataza Daktari.

Nikaenda mbele.

"Mwoneni!" Daktari akasema. "Tezi liko wapi? Hakuna! Mama, waambie wenzako."

Kipaza sauti alikishika yeye, mdomoni pake. Kwangu hakukileta. Nikamwambia nilichomwambia. Aliinama, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa kama anayepokea salamu za harusi. Kisha akainuka.

"Anasema anashukuru sana!"

Makofi.

Wallahi! Kukatwa nilikatwa nimelala. Hili alinifanyia nimesimama, macho yangu wazi, mbele ya watu walionisikia nikisoma tangu msichana.

"Hakusema hivyo!"

Alikuwa Mwanasha. Alikuwa amenifuata, yuko nyuma ya bega langu, na kama nilivyosema, yeye hahitaji betri.

"Dada Mwanasha, kaa chini," Sabiti akasema.

"Nilikuwa karibu naye kuliko wewe, shemeji. Hakusema asante. Kasema, sauti yangu umeiweka wapi."

Daktari akatabasamu. Tabasamu likabaki pale usoni halina kazi.

Sabiti akamnyang'anya kipaza sauti. "Uhuru!" akapiga.

"Na kazi!" watu wakaitikia.

"Uhuru!"

Wakaitikia wachache.

"Uhuru!"

Akajiitikia mwenyewe.

Bibi mmoja wa Kanga, aliyekuwepo siku ile ya maulidi, akapaza sauti kutoka kivulini: "Mjibuni mwana wa watu!" Na wengine wakaanza, mjibuni, mjibuni, mpaka Daktari akainua mkono.

"Ndugu wananchi, mambo ya kitaalamu hayazungumzwi uwanjani. Mimi na mama tutaonana faragha, siku nyingine."

"Leo," nikanong'ona.

"Leo!" akanguruma Mwanasha.

Tukaenda ofisi ya tawi, chumba kimoja cha mawe chenye dirisha la nondo. Sabiti akataka kuingia nasi. Daktari akamwambia, "Katibu, tupishe kidogo." Sabiti akashika mwimo wa mlango kama mtu aliyeko chomboni siku ya mawimbi, mpaka Mwanasha akamvuta kwa mkono wa shati.

Daktari akakaa kwenye kiti cha mume wangu. Mezani palikuwa na bilauri ya maji ya dafu walilomwekea.

"Shikamoo," nikasema, maana mimi nililelewa.

"Marahaba. Mama, umeniaibisha mbele ya wananchi."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza faragha. Nimeyaweka kama yalivyo.

Nikavuta benchi nikakaa karibu, anisikie vizuri. "Sauti yangu iko wapi?"

Akaanza mbali. Shingo ina mishipa mingi, mama. Mwingine wa damu, mwingine wa hewa. Upo mmoja mwembamba kama uzi, huo ndio unaotikisa sauti. Akachora hewani kwa kidole, akachora sana, ningekuwa mwanafunzi ningefaulu.

"Sasa katika operesheni yako," akamaliza, "kwa bahati mbaya, mshipa huo ulikatika."

"Ulikatika."

"Ndiyo."

"Wenyewe?"

"Ulikatika wakati wa operesheni."

"Na mle chumbani nani alikuwa na kisu?"

"Mama, ndivyo tunavyosema kitaalamu."

"Hata watoto wa Mwanasha ni wataalamu basi," nikamwambia. "Wakivunja kikombe husema kimevunjika. Mama yao huwachapa kwa ajili ya kikombe, kisha huwachapa tena kwa ajili ya hiyo 'kimevunjika'."

Akasimama. Sasa alikasirika kwelikweli, na nikiri kwamba hasira ilimpendeza kuliko lile tabasamu.

"Unajua nchi hii ina wapasuaji wangapi? Unajua wamekufa wangapi wenye tezi kama lako kwa kukosa mtu? Ungekufa wewe! Ungekabwa usingizini! Nikianza kusimama viwanjani nikasema nimekata, nimekosea, kesho nani atamleta mgonjwa? Watarudi kwa waganga na nyembe zao. Umelifikiria hilo?"

Nilikuwa sijalifikiria. Nikalifikiria pale pale, nimekaa.

"Mimi uwanjani sikukuita," nikasema. "Uliniita wewe. Mimi nilikuwa kitandani, mimi na wewe, kila asubuhi. Ungenambia pale. Ningelia nikamaliza, nikatafuta kazi nyingine ya kufanya duniani. Badala yake ulinambia imelala. Nikakaa naingojea, Daktari. Nikaenda nayo Kanga ikiwa maiti, nimeibeba mbele za watu nikidhani ina usingizi."

Ni maneno mengi kwa koo langu. Likakauka. Nikachukua ile bilauri ya dafu, nikanywa bila kufikiri, na dafu likaingia kusikotakiwa.

Nyinyi mnaopaliwa mara moja kwa mwaka hamjui. Nilijikunja juu ya meza ya chama. Macho yalinitoka, pumzi haiingii wala haitoki. Daktari aliruka akanishika, akanipiga mgongoni, akaniinamisha, akanipiga tena. Hewa ikarudi na sauti kama ya punda.

Nilipoinua kichwa bado alikuwa amenishika mabega. Tangu nimjue, hakuwahi kunikaribia hivyo nikiwa macho.

"Huwa hivi mara nyingi?" akauliza.

"Kila siku. Nilikwambia."

Akakaa. Safari hii alikaa kwenye benchi, kando yangu. Kimya kirefu. Nami sikumsaidia. Watu waliopoteza sauti tuna mtaji mmoja tu, nao ni kwamba kimya hakituchoshi.

"Nimeukata mimi," akasema.

"Rudia."

"Nimeukata mimi, Mwanahija. Tezi lilikuwa limeusogeza kutoka mahali pake. Damu ikaja ghafla, nikashika haraka, nikakata haraka. Damu ilipokauka nikauona."

"Ulijua lini?"

"Ulikuwa hujashonwa bado."

Yaani alipokuja asubuhi na msafara wake na koti lake, alijua. Uvimbe alijua. Upepo wa dirishani alijua. Koo laini la wanawake wa pwani!

Nilidhani siku ya kulisikia neno hilo nitaridhika. Sikuridhika. Nilimwona tu mwanamume mwenye jasho juu ya mdomo, suti inaanza kukunjamana. Radhi hakuomba. Msimshangae, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza herufi.

Nikanyanyuka nijifunge buibui, nitoke. Ndipo akasema:

"Lakini mumeo nilimwambia."

Nikaacha kujifunga.

"Siku ya kukuruhusu. Nilimwita pembeni nikamweleza yote. Kwamba nimeukata."

"Hivyo hivyo? Nimeukata?"

"Hivyo hivyo." Akatazama sakafu. "Kwa mwanamume mwenzangu ilikuwa rahisi."

Ilikuwa rahisi! Shingo yangu, koo langu, mkato wangu, na habari zake wakapeana wanaume uani kama tumbaku.

"Si hilo tu," akasema, na sasa alisema haraka, kama mtu aliyepania kutapika vyote. "Alikuwapo pale kwetu mtaalamu mgeni wa koo, amekuja kwa muda. Alikuwa anaweza kukurekebisha. Si kama zamani, lakini ungesikika, na maji yasingekupalia. Nilimwambia mumeo akurejeshe mwezi ujao. Mkakawia. Nikapiga simu ofisi ya wilaya, akaitwa, nikasema naye mimi mwenyewe. Akaniambia umekataa."

"Nani?"

"Wewe. Alisema umeapa hurudi kwangu, kwamba ni heri ukae bubu kuliko kuguswa tena na kisu. Nikasema ni haki yako." Akaninyanyulia macho. "Hukukataa?"

Jibu hakulihitaji. Alilisoma usoni.

"Na yule mgeni?"

"Alishakwenda kwao."

"Na sasa? Bado naweza kurekebishwa?"

"Sijui," akasema Daktari Muhidini.

Andikeni tarehe. Ndilo neno la kwanza alilonipa bure.

"Yuko mwenzangu mwingine wa koo, Dar," akaongeza. "Anaweza kukutazama. Siahidi kitu. Ndege yetu inaondoka Kilindoni leo jioni na kuna kiti kitupu."

Nikafungua mlango. Sabiti alikuwa ameketi ngazini, Mwanasha amemsimamia kama askari jela.

"Ingia," nikamwambia.

Akaingia, akamtazama Daktari kwanza. Mimi akanitazama baadaye. Hapo ningeweza kuondoka, nilikwisha pata jibu. Lakini mtu akishaanza kuuliza haachi.

"Ulimwambia nimekataa?"

"Mke wangu, mambo haya yana historia ndefu."

"Ulimwambia?"

"Nilitaka kukukinga. Ulikuwa dhaifu. Kisu kingine tena, shingoni, mtu yule yule..."

"Mtu mwingine," Daktari akasema. "Nilikwambia ni mtu mwingine, Katibu."

"Basi ilitokea tu!" Sabiti akapiga meza. "Simu ilikuwa mbovu, watu wamejaa ofisini, ikatokea nikasema hivyo!"

"Sema ulichofanya," Daktari akamwambia kwa upole.

Tazameni nani kawa mwalimu. Hajakauka jasho.

Sabiti akageukia dirisha. Alipoanza kusema alisema na zile nondo.

"Kila mgeni akija ofisini kwangu ananiuliza, wewe ndiye mume wa Mwanahija? Naitwa wilayani, nasimama kusoma taarifa, nyuma nasikia, huyu ndiye mume wa yule msomaji. Kila mwezi unachukuliwa, Kanga, Juani, siku kadha wa kadha, mimi nakula kwa dada yangu. Uliporudi ukawa nyumbani. Nikirudi, upo. Nikisema, unanisikiliza." Akashika nondo moja. "Nyumba ilitulia, Mwanahija. Nikaipenda vile."

Kwa hiyo zile nazi alizokuwa anakuna. Ule mtungi.

Sikulia. Nilimgeukia Daktari. "Nakwenda na ndege," nikasema.

"Hapandi," akasema Sabiti. "Mimi ni mumewe, sijatoa ruhusa."

Nikamtazama Daktari Muhidini. Nilimtazama kwa tumaini, nakiri. Mtu aliyeweza kusema nimeukata, nilidhani amevuka, hatarudi tena ng'ambo ile.

Akakohoa. Akavuta kola ya suti.

"Kwa kweli, mama," akasema, "utaratibu wa hospitali unataka ridhaa ya mume. Mimi mikono yangu imefungwa. Labda mkae, mzungumze nyumbani, mwakani tukija tena..."

Sikumngojea amalize.

Nikatoka. Kufuli la ofisi lilikuwa linaning'inia kwenye pete ya mlango, na ufunguo wake umo tunduni. Nikauvuta mlango, nikapitisha kufuli, nikalibana. Likalia kwa mlio mzuri kuliko kipaza sauti chao. Ufunguo nikautia kifuani.

Kwa muda hakuna aliyeelewa, hata wao. Kisha Sabiti akaanza kupiga mlango kwa ngumi. "Mwanahija! Fungua! Unajua umemfungia nani?"

Nilijua. Mtaalamu wa taifa na katibu wa tawi, katika ofisi ya chama, siku ya kampeni. Watu wamekwenda ndani kwa madogo kuliko hayo.

Nikaketi ngazini.

Watu wakaanza kuja kutoka uwanjani, wengine na sahani za pilau mkononi. Yule bibi wa Kanga akaja akaketi kando yangu bila kuuliza kitu. Dereva wa Landrova akapiga honi. Kisha umati ukapasuka katikati, akatokea mkuu wa msafara, mtu mrefu, askari polisi nyuma yake.

"Daktari wetu yuko wapi?" akauliza.

"Humu!" ikajibu sauti ya Daktari kutoka dirishani, na vidole vyake vikashika nondo.

Mkuu akavitazama vile vidole, akalitazama kufuli, akanitazama mimi. "Ndugu, lete ufunguo. Ndege inatungoja."

Nikamvuta Mwanasha kwa upande wa kanga, nikamnong'oneza sikioni ninachotaka. Kile kipaza sauti kiletwe hapa dirishani. Kila mmoja aseme alichofanya, kwa mdomo wake, Baleni nzima isikie. Wa mwisho awe Sabiti, naye amalizie kwa kunipa ruhusa ya kupanda ndege.

Mwanasha akacheka. Kisha akaona sicheki.

"Anasema nini?" mkuu akauliza, na yule askari akapiga hatua moja mbele, mkono umeshuka kwenye pingu.

Dada yangu akavuta pumzi.